Nyama ya Madhabahuni Ilikwenda Wapi?

Mahubiri mengi kuhusu dhabihu za Agano la Kale huishia kwenye kisu. Mnyama amechinjwa, damu imemwagika, hasira ya Mungu imetulia. Basi na wewe toa, tena toa kinachouma, ili mambo yako yafunguke. Kisha vikapu vinapitishwa. Lakini ukizisoma bila haraka sura saba za mwanzo za Mambo ya Walawi, utaona kitabu chenyewe hakikishughulikii kisu kiasi hicho. Kuchinja kunapewa sentensi moja, tena fupi. Kinachoelezwa kwa urefu, aya baada ya aya, ni mgawanyo: mafuta yaende wapi, kidari ni cha nani, paja la kuume ni la nani, ngozi abaki nayo nani, nyama iliwe leo tu au mpaka kesho, iliwe wapi, na ikisalia ifanywe nini. Waliotuachia sheria hizi walijali mno nani anakula na nani hali. Naamini maana ya ibada ile iko hapo, na kwamba tumeipoteza kwa kuangalia upande mmoja tu wa madhabahu.

Chukua sadaka ya amani, ile ya sura ya 3 na ya 7. Mtu ana jambo la kushukuru, au anatimiza nadhiri aliyoiweka. Analeta ng'ombe, kondoo au mbuzi. Anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama na kumchinja yeye mwenyewe. Kazi ya makuhani inaanzia kwenye damu, wanayoinyunyiza kuizunguka madhabahu. Mafuta yafunikayo matumbo, figo mbili na mafuta yake, kipande cha ini, na kama ni kondoo basi mkia wake wote wa mafuta, vinawekwa motoni. Mfugaji wa Dodoma au Kajiado anaujua mkia huo na anajua thamani yake. Mnono kuliko zote ndio uliokwenda kwa Mungu. Kidari na paja la kuume vilikwenda kwa makuhani. Nyama yote iliyobaki alirudishiwa mwenye mnyama, ale yeye na watu wake mbele za Bwana.

Kisha inakuja sheria ya muda, na kwangu hii ndiyo sheria ya busara kuliko zote katika sura ile. Nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isibaki hata asubuhi. Ya nadhiri au ya hiari inaruhusiwa mpaka siku ya pili. Ikifika siku ya tatu ichomwe moto, na atakayeila, sadaka yake nzima haikubaliki. Wapo wanaosema sababu ni nyama kuharibika, na huenda hilo lina nafasi yake. Lakini mfikirie mtu mwenye fahali mzima na siku moja ya kummaliza. Hawezi peke yake, wala hawezi na mke na watoto wake tu. Itabidi aite ndugu, aite majirani, aite na yule asiyekuwa na cha kuchinja mwaka mzima. Sheria haikumwamuru awe mkarimu. Ilimfungia tu mlango wa kuweka akiba. Pasaka ilikwenda njia hiyohiyo: kitabu cha Kutoka kinaagiza kwamba nyumba yenye watu wachache kuliko mwanakondoo ishirikiane na jirani, na kisisalie kitu hata asubuhi. Mwanahistoria Josephus, aliyeiona Yerusalemu kabla haijaanguka, anaandika kwamba kila dhabihu ya Pasaka ilikusanya watu wasiopungua kumi, kwa maana haikuruhusiwa mtu kuila karamu ile peke yake.

Ndiyo maana habari ya Hana inaanzia kwenye sahani ya nyama. Elkana, mume wa Hana na Penina, alipanda na jamaa yake mwaka kwa mwaka kwenda Shilo kutoa dhabihu, na siku ya dhabihu ilikuwa siku ya kugawa mafungu: Penina fungu lake, wana na binti zake kila mmoja fungu lake, na Hana fungu lake. Mwanamke asiye na mtoto aliiona hali yake ikipimwa mbele ya wote kwa idadi ya mafungu yaliyokwenda upande wa mke mwenzake. Akalia, asile. Kukataa kula siku ile hakukuwa kukosa hamu ya chakula tu. Alikuwa amejitenga na ibada yenyewe, maana ibada ilikuwa ndiyo kula pamoja. Elkana aliliona hilo, ndipo akamuuliza kwa nini hali.

Hata zaka, ambayo leo inahubiriwa kama kodi ya mbinguni, ilikuwa na upande huu. Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inamwambia Mwisraeli aile zaka ya nafaka yake, divai yake na mafuta yake mahali Bwana atakapochagua. Kama njia ni ndefu, aiuze, afunge fedha mkononi, na akifika anunue chochote roho yake inachotaka, ng'ombe au kondoo au mvinyo, ale na kufurahi yeye na nyumba yake, wala asimwache Mlawi wa mjini mwake. Na kila mwaka wa tatu zaka ile ibaki mjini kwake, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, washibe. Ni kweli kuna mafungu mengine, kama Hesabu 18, yanayowapa Walawi zaka kama malipo ya kazi yao, na warabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, walifanya kazi kubwa kuyapatanisha. Hata hivyo sijawahi kusikia sura ya 14 ikisomwa katika semina ya fungu la kumi.

Sasa, kuna dhabihu ambayo mtoaji hakuonja hata kipande. Sadaka ya kuteketezwa ilipanda yote kuwa moshi, isipokuwa ngozi iliyobaki kwa kuhani. Wanakondoo wawili wa mwaka mmoja, mmoja asubuhi na mmoja jioni, waliteketezwa kila siku hekaluni pamoja na unga, mafuta na divai. Hapo hoja yangu ya meza inaonekana kuyumba, maana nani alikula? Majirani wa Israeli wangejibu: mungu. Katika mahekalu ya Babeli chakula kiliandaliwa kwa ajili ya miungu kila siku. Zaburi ya 50 inalikataa jibu hilo kwa ukali: kama Mungu angekuwa na njaa asingemwambia mwanadamu, kwa kuwa ulimwengu na vyote vilivyomo ni vyake. Kwa hiyo tunabaki na zawadi ambayo haiwezi kurudi kwa mlango wa nyuma. Mtoaji hapati nyama, kuhani hapati nyama, wala Mungu hahitaji nyama. Naiona kama ulinzi wa dhabihu nyingine zote: palipo na kitu kimoja kisichogawanywa kabisa, watu wanakumbuka kwamba vile vinavyogawanywa navyo havikuwa vyao.

Sadaka ya dhambi ndiyo iliyoeleweka vibaya kuliko zote. Maelezo yaliyozoeleka yanasema mnyama aliadhibiwa badala ya mtu. Ukiyafuata maandiko yenyewe hatua kwa hatua, maelezo hayo yanakwama mahali pengi. Damu haipakwi mtu aliyekosa. Inapakwa pembe za madhabahu, na Siku ya Upatanisho inapelekwa mpaka ndani kabisa, kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, kwa sababu ya uchafu wa wana wa Israeli uliopachafua patakatifu. Jacob Milgrom, rabi na mtaalamu aliyetumia miongo ya maisha yake kwenye kitabu hiki, alishikilia kwamba damu ile ni ya kusafisha, na kinachosafishwa ni mahali pa Mungu, ambapo dhambi za watu hupachafua hata zikitendwa mbali napo. Wapo wanaompinga kwa hili na lile, lakini kwa sehemu hiyo naona maandiko yako upande wake. Tena mnyama mmoja tu ndiye anayeungamiwa dhambi zote za Israeli juu ya kichwa chake, kwa mikono miwili ya Kuhani Mkuu, naye hachinjwi madhabahuni. Ni yule mbuzi wa Azazeli, anayepelekwa jangwani akiwa hai. (Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya warabi uliokamilika karibu mwaka 200, inasimulia kwamba katika hekalu la pili alisukumwa gengeni. Torati yenyewe haisemi hivyo.) Aliyebeba dhambi hakutolewa dhabihu, na aliyetolewa dhabihu hakuungamiwa dhambi hizo.

Halafu kuna suala la maskini. Sura ya 5 inasema asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hayo alete sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha nafaka cha zamani, ya unga, bila mafuta wala ubani, naye atasamehewa. Unga mtupu, usio na tone la damu, na msamaha ni uleule. Waraka kwa Waebrania unajua hili, ndiyo maana unasema kwa uangalifu kwamba katika Torati *karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu. Neno hilo dogo humezwa sana mimbarani. Maryamu na Yosefu, kwa habari ya Luka, walipopanda hekaluni baada ya Yesu kuzaliwa walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ya watu wasiomudu mwanakondoo.

Sura ya 4 nayo ina mpangilio ambao ningetamani kila kiongozi wa dini ausome. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia analeta mbuzi jike au kondoo jike. Mtawala analeta mbuzi dume. Kuhani mpakwa mafuta akikosa analeta fahali, sawasawa na kosa la mkutano mzima. Na tazama nyama: ya mtu wa kawaida na ya mtawala inaliwa na kuhani mahali patakatifu, lakini ya kosa la kuhani mwenyewe hailiwi na mtu. Inachukuliwa nje ya kambi na kuchomwa. Kuhani hakuruhusiwa kunufaika na kosa lake mwenyewe. Na aliyedhulumu mali, sura ya 6 inamtaka amrudishie mwenyewe kitu chake kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake siku ileile anayoleta kondoo wa sadaka ya hatia. Madhabahu haikupokea fedha ya wizi kwa niaba ya aliyeibiwa.

Wana wa Eli, kuhani wa Shilo, waliharibu ibada hii bila kugusa kisu. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinaieleza kwa karibu sana: mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu mkononi nyama ikiwa inachemka, anauchoma ndani ya sufuria, na chochote uma ulichoinua kinakuwa cha kuhani. Kisha wakazidi. Kabla hata mafuta hayajachomwa mtumishi anadai nyama mbichi, kwa kuwa bwana wake anataka ya kuoka. Mtoaji akimsihi angojee mafuta yachomwe kwanza, anajibiwa: nipe sasa hivi, la sivyo nitaitwaa kwa nguvu. Dhambi ya vijana hao, asema mwandishi, ilikuwa kuu sana mbele za Bwana, kwa maana watu walichukia sadaka ya Bwana. Kosa lote liko kwenye mgawanyo. Kuhani alikuwa na fungu lake halali, tena fungu zuri, maana kabila lake halikupewa urithi wa ardhi. Alichokosa ni subira ya kulipokea kwa zamu yake.

Manabii waliorudi kwenye dhabihu baadaye wanasomwa kama watu walioichukia ibada ya madhabahu. Sikubaliani na usomaji huo. Amosi anapomsikia Bwana akizikataa sikukuu za Israeli, katika kitabu hichohicho ameshasema juu ya wanaowauza maskini kwa jozi ya viatu na kujilaza kando ya kila madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani. Nguo za rehani ni za maskini aliyekopa. Karamu ya dhabihu imeliwa juu ya blanketi la mtu anayelala na baridi. Yeremia naye anasema kwa hasira iliyo wazi: ongezeni sadaka zenu za kuteketezwa juu ya dhabihu zenu, mle nyama. Yaani hata ile isiyoliwa, ileni tu. Bila haki imeshakuwa nyama ya kawaida. Na Malaki anawauliza wanaoleta mnyama kipofu na kilema: mpelekee liwali wako, uone kama atakuwa radhi nawe.

Wakristo wa kwanza waliingia katika habari hii wakiwa Wayahudi, na hawakuivunja madhabahu. Hili linasahauliwa mno. Matendo ya Mitume 21 inamwonyesha Paulo, mtu aliyeandika kwamba Kristo ni Pasaka wetu aliyetolewa, akiingia hekaluni na watu wanne wenye nadhiri na kukubali kulipa gharama zao hata sadaka itolewe kwa ajili ya kila mmoja wao. Alikamatwa akiwa katika shughuli hiyo. Kwa Paulo, msalaba na hekalu viliweza kukaa pamoja kwa wakati ule. Dhabihu za Yerusalemu zilikoma kwa sababu jeshi la Kirumi la Tito liliteketeza hekalu mwaka 70, na Wayahudi hawakupata tena madhabahu. Wasamaria ndio wanaochinja Pasaka yao hadi leo juu ya Mlima Gerizimu.

Paulo aliikazia meza. Anawauliza Wakorintho: wale wazilao dhabihu, je, hawana ushirika na madhabahu? Akitoka hapo anawageukia kwa hasira juu ya karamu yao wenyewe, ambapo wenye nacho wanatangulia kula, huyu ana njaa na huyu amelewa, na anawaambia wazi kwamba wanachokula si chakula cha Bwana. Mkate ni uleule na divai ni ileile, maneno pengine yalisemwa yote, lakini mgawanyo umekosewa, basi ibada haipo. Hofni na Finehasi, wale wana wa Eli, wangelielewa shtaka hilo. Waraka kwa Waebrania, ambao ndio unaosisitiza kuliko andiko lolote kwamba Kristo alitolewa mara moja tu na haitolewi tena dhabihu kwa ajili ya dhambi, haumalizi kwa kusema sadaka zimekwisha. Unataja mbili zilizobaki: sifa itokayo midomoni, na kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka kama hizi ndizo zimpendezazo Mungu.

Kinachonigusa ni kwamba pande zote mbili, Wayahudi na Wakristo, ambazo baadaye zilitengana kwa uchungu mwingi, zilifika mahali pamoja. Masimulizi ya warabi yanasema Yoshua mwanafunzi alilia alipoyaona magofu ya hekalu, na mwalimu wake Yohanan ben Zakkai akamwambia asihuzunike, kwa maana uko upatanisho mwingine sawa na ule: matendo ya rehema, kama alivyosema Hosea. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya warabi, inaeleza kwamba hekalu lilipokuwapo madhabahu ilimfanyia mtu upatanisho, na sasa meza yake ndiyo inayomfanyia. Na mazungumzo yanayoizunguka kauli hiyo yanamsifu mtu anayekaa mezani muda mrefu, huenda akatokea maskini akapata cha kula. Upande wa Wakristo, Polikarpo, askofu wa Smirna, aliwaita wajane madhabahu ya Mungu. Yustino Mfiadini, akimwandikia Kaisari karibu mwaka 155, anaeleza Jumapili ya Warumi waliomwamini Kristo: baada ya mkate na divai kugawiwa, mashemasi huwapelekea wasiokuwapo, wenye uwezo hutoa kila mtu apendavyo, kilichokusanywa huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Nikitoka kwa Yustino na kurudi kwenye mahubiri ya "panda mbegu" yanayojaza redio zetu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, naona lugha yote ya Walawi imebaki, madhabahu, dhabihu, malimbuko, ila mgawanyo umeondolewa. Mtoaji anaahidiwa mavuno ya kwake binafsi. Jirani hayumo katika habari hiyo, wala mjane hayumo. Kuna usharika wa vijijini unaofanya tofauti bila kelele: asiye na fedha analeta kuku, trei ya mayai au mkungu wa ndizi, vinapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na wapo wanaonunua na kumkabidhi mzee asiye na mtu. Mnada ule uko karibu na sura ya 7 ya Walawi kuliko makongamano mengi ya kinabii.

Didake, mwongozo mfupi wa makanisa ya mwanzo ambao hati yake iligunduliwa Constantinople mwaka 1873, unawapa wanaodai malimbuko hoja nzuri. Sura ya 13 inasema wazi kwamba malimbuko ya shinikizo, ya uwanja wa kupuria na ya mifugo wapewe manabii, maana wao ndio makuhani wenu wakuu. Na kama hamna nabii, wapeni maskini. Lakini sura ya 11 imetangulia kuweka masharti. Nabii anayeagiza meza iandaliwe katika Roho hatakula kwenye meza hiyo. Akila, ni wa uongo. Anayesema katika Roho, nipe fedha, msimsikilize; ila akisema itolewe kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Ningependa sura hizo mbili zisomwe pamoja kila Januari yanapotangazwa malimbuko ya mshahara wa kwanza, na mweka hazina asimame mara baada ya somo aeleze malimbuko ya mwaka jana yaliliwa na nani.